Mshono wa Mkono wa Kushoto

Anselmo amepita alfajiri na chaki yake ya manjano,
akaacha maduara kumi na moja kwenye ubavu wa daraja.
Kumi yalikuwa ya kutu.
La kumi na moja lilikuwa la baba yangu.

Sikuhitaji kuuliza.
Mshono wake huinama upande mmoja
kama mtu anayepanda mlima na ndoo ya maji mkononi.
Herculano, fundi wa reli, aliyechomelea kwa kushoto
kwa kuwa ule wa kulia
uliacha vidole viwili chini ya gurudumu la behewa.

Mwaka ule treni zilikuwa bado zinapita hapa juu ya mto Sabor.
Ufa ulipoonekana, wakubwa walimpa usiku mmoja.
Behewa za zabibu zitapita saa kumi na mbili, wakasema,
wakaenda kulala.
Usiku mmoja, elektrodi zilizolowa ukungu,
kandili,
na chuma kilichofuliwa kabla babu yake hajazaliwa.

Chuma hicho si feleji.
Kikate, utaona nyuzi kama za kuni ya mzeituni,
tabaka juu ya tabaka, na katikati taka za tanuri
zilizolala humo miaka mia na arobaini.
Ukikichomelea, tabaka la juu hukukubali,
la chini hukucheka.
Leo tunalijua hilo. Tuna vyeti. Tuna kipimo
kinachosikiliza ndani ya chuma kama mkunga.
Yeye alikuwa na nyundo, na sikio.

Duarte, mwanafunzi wangu, miaka kumi na tisa,
akausogelea mshono, akacheka:
«Nani alitapika hapa?»

Nikashusha barakoa.
Uzuri wa barakoa, hakuna anayekuuliza macho yako yana nini.

La kuvunda halina ubani.
Nikawasha grainda.
Cheche zikamwagika chini, hazikuufikia mto,
baridi ya Januari ilizimeza njiani.
Milimita moja. Nyingine.
Nilikuwa ninamfuta baba yangu kwa mshahara wa siku,
na mkono wangu haukutetemeka, jambo lililonikera.

Kisha jiwe la grainda likabadili sauti.

Chini ya mshono, penye ncha ya ufa,
palikuwa na tundu.
Dogo, duara kamili, kingo zake laini.
Tundu la keekee ya mkono,
lililotobolewa kabla ya moto wowote,
mahali pale pale ambapo ufa ungetaka kuendelea na safari.
Ulifika hapo, ukazunguka, ukakosa pa kwenda.
Miaka arobaini na mitano umesimama mlangoni.

Alijua, basi.
Alijua mshono hautashika.
Mshono aliwapa wakubwa, waione kazi asubuhi.
Tundu alilipa daraja.

Nikamwita Duarte, nikamwambia aingize kidole.
Akaingiza, akakitoa, akakitazama.
«Baba yangu,» nikasema.
Hakusema kitu. Akaenda kuchochea tanuri la ribiti
ingawa lilikuwa limekolea.

Mchana tulifunga bamba jipya, kwa ribiti, kama wa kale:
yeye anarusha, ribiti inapita hewani nyekundu kama komamanga,
mimi nadaka kwa ndoo, tunagonga kingali laini.
Kipande cha zamani kilienda kwenye pipa la chakavu.
Huuzwa kwa kilo. Sikukichukua.

Nyumbani, mzee alikuwa anakunywa supu ya kabichi,
kijiko kushoto.
«Mmefika kiungo cha saba?»
«Tumefika.»
Akavunja mkate, akauchovya.
«Na tundu?»
«Nimeliona.»
«Lilikuwa limeshika?»
«Lilikuwa limeshika.»

Akasukuma chumvi upande wangu.
«Kula. Inapoa.»